Kisigino Nilichokifua kwa Jiki

Mwaka ule nilifua kisigino cha shemeji yangu kwa jiki, nikakianika kwenye kamba pamoja na foronya, kilipokauka nikakikata maua. Naandika hivi bila kupamba kwa sababu nimekwisha jaribu kulisimulia jambo hili kwa njia nyingine, na kila mara nimejikuta nasimulia habari za binti mwema aliyepatwa na bahati mbaya. Hakukuwa na binti mwema. Kulikuwa na mimi, Leokadia, Form Four daraja la nne, mtu wa ndani kiasi kwamba nikienda bombani dada yangu aliniuliza kama nitalala huko. Nilikuwa na cheti, sindano ya kudarizi na mdomo. Cheti hakikumdhuru mtu.

Shemeji huyo, Masanja, tumemzika mwezi uliopita kule Mwamkulu, karibu na majaruba yake ya mpunga. Hakufa kwa mguu. Amekufa kwa presha, mvi kichwani, kama wazee wengine. Baada ya maziko tulirudi kukaa matanga nyumbani kwake Mpanda mjini, nyumba ileile ya jirani na reli, na mimi nikapewa kiti sebuleni kwa sababu magoti yangu hayapendi tena mkeka. Hapo ndipo nilipokiona kitambaa. Kilikuwa juu ya redio, kilikuwa cheupe zamani na sasa kimekuwa rangi ya chai, kimedariziwa mawaridi manne, moja kila pembe. Dada yangu Veronika hakuwahi kukitoa pale miaka yote hiyo. Watu walikuwa wanainuka mmoja mmoja kumzungumzia marehemu, na mzee mmoja wa upande wa Masanja akafika kwenye habari za mguu. Akasema, "Na huyu shemeji yake mnayemwona hapa ndiye aliyeupigania mguu ule mbele ya daktari. Sisi wengine tulikaa kimya kama ng'ombe. Yeye alisema." Watu wakanigeukia kwa macho ya shukrani. Mimi nikaangalia mawaridi.

Ukoo wetu nitauacha ulipo. Nikianza kueleza namna dada yangu Mfipa alivyoolewa na Msukuma aliyeshuka na ng'ombe kutoka kaskazini, daftari litaisha kabla hatujafika kwenye kisigino. Itoshe kusema kwamba mwaka ule, katikati ya miaka ya tisini, nilikuwa nakaa kwao "kwa muda", nasubiri kazi ambayo sikuwa nimeiomba. Nyumba ilikuwa na sebule moja yenye makochi mawili ya mninga, meza, redio, na stuli moja. Stuli ilikuwa ya mguu wa Masanja. Miaka kadhaa kabla, akiwa nyuma ya ng'ombe, mwiba wa mgunga ulimwingia pembeni ya kisigino. Nusu akaichomoa kwa meno ya koleo, nusu nyingine akaisahau. Mguu ukaanza kunenepa polepole. Ukameza kifundo, ukameza ile mifupa miwili ya pembeni, mpaka chini ya suruali ikawa kama amevaa mkate. Kilichotuponza ni kwamba hakuumwa. Mtu anayeumia hupelekwa hospitali. Mtu asiyeumia hutaniwa, na katika kutania shemeji mimi sikuhitaji kusubiri kazi.

Mguu ule niliuita Mheshimiwa, kwa sababu ndio pekee nyumbani uliokuwa na kiti chake. Asubuhi nikileta uji nilikuwa namsalimia kwanza yeye. "Mheshimiwa ameamkaje?" Masanja alikuwa anajibu kwa uso mkavu kabisa, "Mheshimiwa hajalala, alikuwa na kikao." Namuuliza, "Ajenda?" Ananijibu, "Viatu." Veronika alikuwa anatufokea kwamba ugonjwa hauchekwi, kisha anageukia ukutani acheke. Tulikula tukiwa tumepangwa na mguu huo: sahani ya ugali katikati, bakuli la mlenda kulia kwangu, dagaa wa ziwani aliowaleta jirani yetu Mama Mwajuma kushoto, na Mheshimiwa juu ya stuli, ameinuka kuliko chakula, kama mgeni aliyekataa kunawa. Nikikumbuka leo naona tulimzoesha. Tulimpa kiti, jina na salamu, na yeye akawa anakua.

Siku moja dada alikuwa anafagia, akainama karibu na stuli. "Leoka, nani amemwaga majani ya chai hapa?" Nikaanza kujitetea, kisha nikakumbuka kwamba siku hiyo hatukunywa chai, sukari ilikuwa imekwisha toka juzi. Veronika akaokota vile vipunje kwa kidole. Vilikuwa vyeusi, vigumu, vidogo kama ulezi. Akamwambia Masanja ainue mguu. Chini ya kifundo kulikuwa na vitundu vitatu ambavyo havikuwepo wiki iliyopita, vimevimba midomoni, na kimoja kilikuwa kinatoa maji yenye vipunje hivyohivyo. Masanja akavitazama kama mtu anayeonyeshwa mali asiyoijua. Akasema, "Kwa hiyo ameanza kutema." Hiyo ndiyo mara ya kwanza utani wake haukuchekesha.

Hospitalini walitaka picha. Mashine ya eksirei ilikuwa inafanya kazi siku ambazo jenereta nayo inataka, na mtu wa mashine alikuwa bwana mwembamba, mpole, anayeongea kama anahesabu maneno. Alimlaza Masanja kwa ubavu, akauweka mguu pembeni, akapiga. Picha ilipotoka kwenye dawa akaishika dirishani ikiwa bado inachuruzika, akatuita. Masanja akageuzia uso ukutani. "Mifupa yangu nitaiona nikishakufa," akasema, "na hapo sitakuwa na macho. Mungu alipanga vizuri." Dada akasema yeye hajui kusoma mambo hayo, nenda wewe uliyesoma. Basi nikaenda mimi, daraja la nne.

Nilitegemea kuona mfupa, na mfupa niliuona, kisigino chote kama jiwe la kuinjikia sufuria. Yule bwana akaupita kwa kidole bila kusimama. "Mfupa hauna neno bado. Watu huangalia mfupa wakasema mguu mzima. Ugonjwa huu hauanzii kwenye mfupa, unaanzia kwenye nyama, na nyama kwenye picha ni moshi tu. Mimi naangalia moshi." Akanionyesha chini ya kisigino ambapo moshi ulikuwa mnene kuliko unavyopaswa, kisha akapanda juu, nyuma ya kifundo. "Kati ya mfupa na huu mshipa mnene wa kisigino mtu huwa na mafuta. Mafuta kwenye picha ni meusi. Unaiona pembetatu?" Niliiona. Ilikuwa nyeusi, safi, ncha yake juu, ukubwa wa ukucha wa dole gumba. "Hiyo ikiwa nyeusi, ugonjwa uko chini bado. Siku ukiona imejaa moshi, jua umehama kisigino, unapanda mguu." Akaitia picha kwenye bahasha ya kaki, akanikabidhi. "Itunze. Picha moja haisemi mengi. Zinasema zikiwa mbili."

Nilimsikia. Nataka hilo lijulikane, kwa kuwa kwa miaka mingi nimejitetea moyoni kwamba hakuna aliyenieleza. Nilielezwa kwa Kiswahili, mchana, na mtu asiye na haraka. Daktari wa zamu aliandika kwenye kadi maneno machache, uvimbe wa nyama, mfupa mzima, akatoa vidonge vya miezi kadhaa, akasema daktari wa upasuaji anayekuja kwa ndege atauona mguu akifika. Habari ya pembetatu haikuandikwa popote. Ilibaki kwenye picha na kwangu.

Mwanzoni niliitunza kama leso ya harusi. Bahasha ilikaa juu ya kabati, na kila mchana kazi zikipungua niliitoa nikaiweka kwenye kioo cha dirisha. Niliweka mguu wangu karibu nayo nikalinganisha. Niliweka kidole juu ya pembetatu, ikazibwa kabisa na ukucha. Niliwahi kumwambia Masanja, "Shemeji, ndani wewe ni mweupe, wazazi wako walidanganywa," naye akanijibu akiwa bado amegeuzia dirisha mgongo, "Funika marehemu huyo, mtoto." Ndipo ikaja kazi ya Magamba. Kulikuwa na harusi kule, bibi harusi akataka vitambaa kumi na viwili vya makochi na meza, waridi moja lilelile kila pembe. Ukihesabu ni mawaridi arobaini na nane, na vigezo vyangu vya karatasi vya kuchorea maua vilikuwa vinachanika kabla ya waridi la tano.

Msomaji wa siku hizi inabidi aelezwe. Wakati ule kila fundi wa vitambaa mtaani kwetu aliyejiheshimu alikuwa na kigezo cha karatasi ya eksirei. Unailoweka kwenye jiki, ule weusi unaachia kama maganda ya viazi, inabaki nailoni angavu yenye ubluu kidogo, ngumu, haichaniki na hailowi. Unachora ua, unalikata kwa wembe, unapitisha penseli hata vitambaa mia. Picha hizo zilipatikana kwa watu waliopona na kwa ndugu wa waliokufa. Kwa mgonjwa haikuombwa. Sheria hiyo haikuandikwa lakini wote tuliijua, na mimi niliivunja kwa hoja ya kisomi: daktari ameshaisoma, ameandika kwenye kadi, na barua ikishasomwa ni karatasi. Nikajaza beseni.

Haikuchukua hata robo saa. Nilisugua kwa kitambaa laini, maji yakawa kama wino. Niliona mfupa unateleza kutoka kwenye karatasi, weupe wake na weusi wa pembeni vikienda pamoja, na moshi wote, na ile pembetatu. Nakumbuka niliimba. Nilipokuwa naibana kwenye kamba Mama Mwajuma akatokea kwenye uzio na ungo wake wa dagaa. Alikuwa Mbende wa Karema ziwani, mke wa mtu wa reli, mwanamke ambaye hata akikuuliza hali unahisi umeshtakiwa. Akaitazama ile karatasi inavyong'aa juani.

"We Leoka. Hiyo si ya mguu wa shemeji yako?"

"Ilikuwa. Ilishasomwa, Mama Mwajuma."

"Mimi sijasoma. Lakini kwetu vitu vya mgonjwa havigawanywi mwenyewe angali anakula."

"Kwa hiyo nisubiri afe?"

Nilicheka peke yangu. Yeye aliweka ungo chini, akaniangalia kidogo, akauinua tena akaondoka bila kuniuzia dagaa.

Vitambaa vya Magamba vilipendeza. Kimoja kilichozidi nikampa dada akaweka kwenye redio. Masanja alikuwa anameza vidonge asubuhi na jioni, na vitundu viwili kati ya vile vitatu vilikauka, tukafurahi. Lakini mguu ulikuwa na uzito mpya. Akitembea, sakafu iliupokea tofauti, kama vile anashusha gunia. Nilikuwa nikidarizi dirishani, Masanja na dada wakikaa uani mchana kwenye kivuli cha ukuta, na ukuta wa nyumba ile ulikuwa haujui kuficha kitu.

"Wakikata, nataka niwe nimelala usingizi kabisa," nilimsikia Masanja.

"Nani amesema kukata?"

"Anakuja na ndege, Vero. Mtu hapandi ndege kuja kukupa vidonge."

Nikasikia dada anachambua mchele, kokoto moja moja zikigonga bati.

"Nimeuliza," Masanja akaendelea. "Wakiwahi, wanakata chini ya goti. Goti linabaki. Mwenye goti anafungiwa mguu wa mti, anapanda baiskeli, anafika Mwamkulu anarudi. Asiye na goti anapelekwa. Mimi kupelekwa sitaki. Wachukue mguu wote huo mbovu, goti waniachie."

"Utapanda baiskeli na miguu yote miwili," dada alisema.

"Bhebhe," akamwambia kwa Kisukuma, yaani wewe, kwa upole, kama mtu anavyomwita mtoto asogee kwenye moto.

Nilijichoma sindano mara mbili siku ile. Bado sikuwa nimeiunganisha karatasi ya mawaridi na goti la mtu. Nadhani kichwa kilikuwa kinajua na kinangoja kuulizwa.

Ujumbe wa hospitali ulikuja kupitia mtu wa kanisani: daktari amefika, mje asubuhi, mje na picha ya zamani. Veronika akasema, "Leoka, bahasha." Nikaishusha kutoka juu ya kabati. Ningeweza kusema palepale. Niliibeba bahasha kifuani njia nzima, nyuma ya baiskeli ya kukodi iliyombeba Masanja, na watu wakanisalimia kwa heshima kama mtu mwenye nyaraka. Kwenye chumba cha daktari kulikuwa na meza, dirisha, stuli, na picha mpya iliyopigwa asubuhi hiyo, imeegemezwa kwenye kioo. Mtu wa mashine safari hii alikuwa mwingine, kijana. Yule mpole alikuwa amehamishwa. Niliitazama picha mpya kabla hata ya kuamkia. Mfupa ulikuwepo, mweupe vilevile. Pembetatu haikuwepo. Mahali pake kulikuwa na ukungu, kama dirisha la jikoni wakati wa kuchemsha mahindi.

Daktari alikuwa mtu mkubwa, amechoka, mikono misafi sana. Akanyoosha mkono, nikampa bahasha. Akatoa kilichokuwemo, kwa sababu huko ndiko nilikokuwa nakihifadhi kigezo changu. Akakiinua dirishani kwa mazoea. Jua likapita kwenye tundu la waridi likaanguka mezani, juu ya kadi ya Masanja, waridi zima na majani yake mawili.

"Hii ni nini?"

Nikamweleza. Sikumbuki kwa maneno gani. Nakumbuka kwamba dada alisema "Leoka" mara moja, kwa sauti ambayo sijaisikia tena. Daktari hakunifokea. Aliiweka nailoni yangu mezani, akaisawazisha kwa kiganja, akaanza kusema taratibu kwa wote watatu. Mfupa wa sasa anauona ni mzima, na kadi inasema wa zamani ulikuwa mzima. Tatizo lake ni nyama. Vitundu viwili vimekauka, hiyo ni dalili nzuri. Moshi huu wa nyuma ya kifundo ni dalili mbaya, kama ni mgeni. Kama ulikuwepo toka mwanzo, basi ugonjwa umesimama, tuendelee na vidonge. Kama haukuwepo, basi unatembea, na yeye atakata wiki hiihii, chini ya goti, kabla haujapita. Halafu akauliza, "Nani aliiona picha ya kwanza?"

"Mimi mwenyewe sikuitazama," Masanja akasema, na kwa mara ya kwanza nilimwona anaona aibu.

"Huyu aliitazama kila siku," dada akasema.

Daktari akanigeukia. Akaweka kalamu kwenye picha mpya, palepale. "Dada, sina kingine cha kulinganisha nacho, kwa hiyo nakuuliza wewe. Hapa palikuwa hivihivi, au palikuwa peusi?"

Hapa ndipo watu wanaposema nilipigania mguu. Niliijua ile pembetatu kuliko nilivyoujua uso wa mama yangu. Nilikuwa nimeifunika kwa ukucha mchana mwingi. Ilikuwa nyeusi. Lakini Mheshimiwa alikuwa amekaa kwenye stuli ya hospitali, amefunuliwa, na Masanja alikuwa ananiangalia kama mtu anavyoangalia mlango uliobaki wazi, na mimi nilikuwa ndiye niliyefuta. Niliwaza: nimewaharibia, angalau niwape habari njema. Niliwaza hivyo hasa, habari njema, kama vile ilikuwa yangu kugawa.

"Palikuwa hivihivi," nikasema. "Moshi mtupu."

Aliniangalia muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika kumwangalia mtu anayesema kweli. Kisha akaandika. "Basi umesimama. Vidonge viendelee. Nitarudi baada ya miezi minne."

Njiani Masanja aliimba nyimbo za kilimo za kwao. Alisimamisha baiskeli ya kukodi akatununulia soda. Nyumbani dada alichinja kuku, na Masanja akaniwekea paja kwa mkono wake, akasema, "Huyu amefua picha, lakini kichwani alibaki nayo. Ndiyo faida ya shule." Ningependa kuandika kwamba chakula hakikupita. Kilipita. Nilikula paja, nikala na shingo.

Miezi minne ile ndiyo ninayoiota. Tundu la kwanza jipya lilifumbuka juu ya kifundo, upande wa ndani. La pili lilikuwa kwenye nyama ya muundi. Kila asubuhi dada alifagia vipunje vyeusi karibu na stuli, na kila wiki alikuwa anavikuta mbali kidogo na pale alipovikuta wiki iliyopita, kwa sababu mguu ulikuwa unavitoa juu zaidi. Mimi nilikuwa naleta uji nauweka naondoka. Masanja akaniuliza, "Mbona siku hizi humsalimii Mheshimiwa?" Nikamjibu kwamba ana kikao. Akasema, "Kikao kimekuwa kirefu, shemeji." Ningeweza kwenda hospitalini mwenyewe nikasema. Ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Mimi mtu wa ndani nilibaki ndani, nikadarizi, na kila waridi nililolichora nilipitisha penseli kwenye kisigino chake.

Daktari aliporudi aliziweka picha mbili dirishani, ya miezi minne nyuma na ya siku hiyo. Hazikuhitaji maelezo. Moshi ulikuwa umejaa nyuma ya muundi wote na mfupa wa kisigino sasa ulikuwa na matundu, kama muhogo ulioliwa na wadudu. Akagusa mguu kutoka chini kwenda juu, akafika kwenye goti, akabonyeza nyuma yake ambapo palikuwa pamevimba, akaondoa mkono. "Chini ya goti hapafai tena," akasema. Kisha akaniuliza bila kunigeukia, akiwa bado anatazama dirisha, "Ile ya kwanza ilikuwa na moshi. Ndivyo ulivyosema." Nikasema ndiyo. Hakuuliza tena.

Waliukata juu. Masanja alipewa usingizi alioutaka. Alipoamka alipapasa shuka mara moja tu, kwenye goti, akarudisha mkono kifuani. Baadaye alizoea magongo, na utani ukarudi, kwa sababu yeye alikuwa mtu wa kurudi. Baiskeli yake aliitundika stoo, na kila Jumapili aliishusha, akaipaka mnyororo mafuta, akaitundika tena. Aliishi hivyo miaka inayokaribia thelathini. Mwamkulu alipelekwa. Alibebwa kwenye baiskeli za wengine, kisha bodaboda zilipokuja akabebwa kwenye bodaboda, na kila akipandishwa alishikwa kiuno na mtu fulani, yeye aliyesema kupelekwa hataki. Na kila alipokuwa na wageni aliwaonyesha mimi. "Huyu ndiye aliyeniombea miezi minne na mguu wangu. Daktari alikuwa na msumeno mkononi, huyu akasema hapana." Msumeno ulikuwa unaongezeka ukubwa kadiri miaka ilivyokwenda. Mimi nilikuwa nachukua vyombo naenda jikoni, wakaniona mnyenyekevu.

Huwa najiambia kwamba pengine hata nikisema kweli ugonjwa ungepita, goti lingeondoka tu. Daktari mwingine niliyemuuliza miaka ya baadaye, kwa kujifanya nauliza ya mtu mwingine, alisema inawezekana. Alisema pia inawezekana lisingeondoka. Picha ya kwanza ingejua. Hiyo nimeikata mawaridi.

Basi siku ile ya matanga, yule mzee alipomaliza kunisifu, nilitoka sebuleni nikaenda uani ambapo wanawake walikuwa wanapika. Mama Mwajuma alikuwa amekaa kwenye kigoda, mzee sasa, ameshika mwiko kwenye sufuria la maharage kama zamani. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa karibu. Nikachuchumaa, magoti yakalia, nikamwambia yote: pembetatu, ukucha, moshi mtupu. Nikamwambia naona leo ndiyo siku ya kumweleza Veronika, kabla matanga hayajavunjwa, maana siwezi tena kusikia nikishukuriwa. Nilikuwa nalia, na nakiri kwamba nilikuwa nimeanza kujisikia vizuri.

Aliendelea kukoroga mpaka nikafikiri hajasikia. Kisha akagonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria.

"Dada yako amefiwa na mume, we unataka umpe na kazi ya kukusamehe? Goti la mtu lilikuwa mdomoni mwako, ukalimeza. Kaa nalo tumboni. Haya, sogea, unaziba moto."